Zabibu za Msimu

Karatasi ya oda ilikuwa imebandikwa juu ya sinki la jiko la chuo tangu alfajiri, na Maricruz aliisoma mara tatu akiwa bado na koti lake mwilini. Ijumaa, ukumbi mkubwa wa chuo. Sherehe ya Urithi wa Walatino na Historia ya Mapambano. Watu mia mbili na arobaini. Wali, maharage, kuku wa mchuzi mwekundu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama vile aliyeandika alikuwa ameshachoka: masinia kumi na mawili ya matunda ya msimu. Septemba, kwenye Bonde la California. Hata mtoto wa chekechea angekuambia matunda ya msimu ni yapi.

"Lorena," alimwita msimamizi wake, "hayo matunda ya Ijumaa ni matunda gani?"

"Matikiti, machungwa na zabibu. Zabibu nyingi." Lorena alikuwa anahesabu trei, hakuinua hata kichwa. "Kwani vipi, zinakudhuru?"

"Si mimi."

"Basi vaa kofia yako ya wavu, mama. Kuna watu mia tatu wanataka chai."

Maricruz akavaa. Alikuwa amebakiza siku nne kati ya tisini za majaribio. Akizimaliza salama anaandikwa kazi ya kudumu, kazi ya kudumu inakuja na bima ya afya, na bima ndiyo ingempeleka mumewe, Rigo, kwenye upasuaji wa mgongo. Rigo alianguka kutoka kwenye ngazi mwezi wa pili akikata matawi ya milozi, na tangu siku hiyo alikuwa analala sakafuni sebuleni kama zulia, watu wanamruka. Kwa siku themanini na sita Maricruz hakuchelewa hata dakika moja, hakumjibu mtu, hakuvunja hata bilauri. Alitembea ndani ya jiko lile kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Na sasa zabibu.

Nyumba ya akina Zaragoza haikuwahi kuwa na watu pungufu ya wanane, hata siku ya kazi. Jioni ile Maricruz alipoingia alimkuta Chabela, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuazima kitunguu saa nane na hadi saa kumi na mbili alikuwa hajaondoka. Alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, anapunguza suruali ya Don Tello, baba mkwe wa Maricruz, ambaye alisimama juu ya kigoda katikati ya sebule, mikono ameitanua kama anayesubiri kupekuliwa.

"Simama vizuri, Don Tello! Unatikisika kama jeli."

"Natikisika kwa sababu unanichoma, mwanamke. Polisi wa mwaka sabini na tatu hawakunichoma hivi."

"Polisi hawakuwa na shida ya kukufanya upendeze."

Rigo akacheka pale sakafuni, kisha akashika kiuno.

Don Tello alikuwa na miaka sabini na mitatu. Ijumaa hiyo chuo kilikuwa kinamtunuku, yeye na wenzake wanne waliobaki hai kati ya wale waliofungwa siku kumi na moja katika mgomo wa wachuma zabibu. Picha yake ya ujana, amebebwa mikono na miguu na polisi wawili kama gunia la viazi, ingetundikwa kwenye korido ya maktaba. Mjukuu wake Yesenia, binti wa Maricruz na Rigo, mwaka wa tatu pale chuoni, alihangaika miaka miwili kuipata korido ile: mikutano, barua, kukusanya sahihi, kuambiwa njoo kesho.

Habari ya zabibu mtaa mzima ulikuwa unaijua. Wakati wa mgomo wachumaji waliiomba nchi nzima isinunue zabibu, na nchi ikasikia. Chama chenyewe kilishaondoa katazo hilo zamani sana, ila nyumba hii haikupata taarifa, au ilipata ikakataa kuipokea. Maricruz alipoolewa, akitokea Michoacán kule Mexico, siku ya pili tu alirudi kutoka dukani na mfuko wa zabibu. Mama mkwe wake, Consuelo, mke wa Don Tello, aliushika mfuko kwa vidole viwili kama anabeba panya aliyekufa, akautupa kwenye pipa la kando ya lango, akarudi, akanawa mikono kwa sabuni. "Hukujua," akamwambia. "Sasa umejua." Basi. Hata mkesha wa mwaka mpya, pale ambapo kila Mmexico hula zabibu kumi na mbili kengele zikilia, humu walikula punje kumi na mbili za komamanga. Watoto walikua wakidhani ndivyo dunia nzima inavyofanya. Consuelo alikufa miaka sita iliyopita. Komamanga ziliendelea.

Maricruz alimvuta Yesenia hadi uani, kwenye kamba ya nguo.

"Nani alijaza fomu ya chakula cha Ijumaa?"

"Mimi. Kuna nini?"

"Kwenye matunda uliweka alama wapi?"

"Palikuwa na matunda ya kutoka nje na matunda ya msimu. Ya msimu yalikuwa nafuu, kwa hiyo..." Msichana akakwama hapo. Mkono ukaenda mdomoni. "Mama. Sikufikiria. Hapa nyumbani hazipo, kwa hiyo hata hazikunijia akilini."

"Waambie wabadilishe."

"Fomu ilifungwa wiki mbili zilizopita. Halafu si za kununua tena. Kuna wenye mashamba fulani wamezitoa bure, wale ambao jina lao liko ukutani kwenye maktaba. Kadi yao itasimama mezani." Sauti yake ikashuka. "Mama, hela ya ada yangu inatoka kwao. Yangu na ya wenzangu thelathini."

"Ongea polepole, Chabela yuko dirishani."

"Sisikii chochote!" Chabela akajibu kutoka dirishani. "Endeleeni tu, wanangu."

Wakasogea karibu na mashine ya kufulia ili kelele zake zifunike sauti zao.

"Tumwambie babu?" Yesenia aliuliza.

Maricruz akaangalia ndani. Don Tello alikuwa ameshuka kwenye kigoda, anamwonyesha Rigo namna atakavyoshika karatasi ya hotuba, mbali na macho, kwa sababu miwani inamfanya aonekane mzee. Hotuba yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Ameiandika kwa mkono, na kila mtu aliyekanyaga nyumba ile wiki hiyo alishasomewa mwanzo wake: *Mwaka wa hamsini na moja huu sijatia zabibu mdomoni.*

"Tukimwambia hatakwenda," alisema Maricruz. "Asipokwenda atakufa hajaiona ile picha ukutani. Acha. Nitazifunika kwa machungwa."

Alhamisi alijaribu mara ya mwisho. Alimfuata Lorena kwenye chumba cha baridi, kati ya maboksi ya maziwa, akamweleza yote kwa kifupi. Lorena akaacha Kiingereza, akamsemesha kwa Kihispania, lugha ya nyumbani, na hilo halikuwa jambo jema, kwa sababu Lorena alitumia lugha ya nyumbani kwa habari mbaya tu.

"Nisikilize, dada. Mama yangu naye alichuma. Alikuwa na vidole kama mizizi. Unadhani mimi sijui?"

"Sasa kama unajua..."

"Najua, halafu? Wenye zabibu wanakuja wenyewe, na mpiga picha wao. Ofisi ya juu imeniandikia barua mbili, mbili, kuhusu kile kijikadi tu. Na wewe ndiye utakayesimama meza ya matunda."

"Niweke kwenye kuku."

"Kwenye kuku nimemweka Brenda. Maricruz, fomu yako ya ajira iko mezani kwangu. Nimeshajaza kila kitu, imebaki sahihi. Usinitafutie sababu."

Walisimama pale wakitoa mvuke puani. Lorena ndiye aliyegeuka kwanza. "Na toka humu," alisema. "Una jasho, utapata mafua."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi milangoni. Kulikuwa na karatasi za rangi zilizokatwa maua zikining'inia darini, wanafunzi wamevaa sketi za kuchezea ngoma, wazee wamevaa kofia za majani ambazo huvaliwa harusini na mazishini. Chabela alikuja na watu sita ambao hawakualikwa. Rigo alikuja amesimama njia nzima nyuma ya pikapu, ameshika vyuma, kwa sababu kukaa kulimuuma zaidi.

Maricruz alikuwa ameanza kazi saa kumi alfajiri. Aliyapanga masinia yote kumi na mawili kwa mkono wake: matikiti pembeni, zabibu katikati, kisha juu yake vipande vya machungwa, vingi, kimoja juu ya kingine kama vigae vya paa, hadi isionekane hata punje moja. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akaangalia. Ni machungwa tu. Akapumua.

Dakika kumi kabla milango haijafunguliwa Lorena alipita, akasimama, akatazama masinia, akamtazama na yeye. Akavaa glavu na kuanza kuyasogeza machungwa, sinia moja baada ya jingine, mpaka zabibu zikatokea, nyeusi, zinang'aa. Kisha akasimamisha kadi katikati ya meza, akainyoosha kwa kidole.

"Pole," alisema, kwa lugha ya nyumbani.

Mkubwa wa chuo alifungua kwa kulikosea jina la Don Tello mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Alisema kizazi kile kiliteseka ili vijana wa leo waketi kwenye meza hii, na kwamba leo wote kwa pamoja watakula matunda ya jasho lao. Watu wakapiga makofi. Kisha wazee watano wakaombwa watangulie kwenye chakula, na foleni ikaanza kusogea: wali, maharage, kuku.

Don Tello alikuwa wa kwanza. Alikuwa anataniana na Brenda kuhusu paja la kuku, anataka lile kubwa, anamwambia lile dogo awape wanaomfuata kwa kuwa walikula vya kutosha jela. Nyuma yake Doña Amparo, aliyefungwa siku zilezile naye akiwa na mimba ya miezi mitano, alimpiga kwa fimbo mguuni ili asogee. Ndipo akasogea, na akaziona.

Cheko lilimwisha usoni taratibu. Alitazama masinia, akatazama kadi, akasogeza kichwa nyuma ili asome vizuri lile jina. Kisha akamtazama Maricruz, aproni yake na kofia ya wavu.

"Wewe ndiye uliyezipanga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, baba."

"Yule pale mwenye kalamu sikioni ndiye Lorena?"

"Ndiye."

"Siku zimebaki ngapi?"

"Leo ndiyo ya mwisho."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei akaikuta ni ileile ya jana. Maricruz alichukua koleo haraka, akamwekea vipande viwili vya tikiti, akamwashiria apite. Angepita. Mguu ulishatangulia. Lakini pembeni ya meza alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwenye shali nzuri na tabasamu la kweli, na mpiga picha nyuma yake.

"Ah, bwana, hukupata zabibu!" alisema yule mama. "Zimekatwa leo asubuhi, kwetu. Baba yangu angefurahi sana kukuona hapa." Akamgeukia Maricruz, bado anatabasamu. "Hukumpa zabibu?"

Mpiga picha akainua kamera. Lorena, kule kwenye kuku, akageuza shingo. Maricruz alisikia maharage yakichemka, akasikia mtoto wa Chabela akilia mahali fulani. Alifikiria Rigo aliyesimama ameegemea ukuta huko nyuma, amekunja uso. Na bado mdomo ulifunguka wenyewe.

"Samahani, mama. Mzee huyu hali..."

"Nakula," alisema Don Tello. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti, ili kila aliyetakiwa kusikia asikie. Akanyoosha sahani. "Niwekee, mwanangu."

Maricruz hakuinua koleo.

"Weka," alirudia, safari hii kwa lugha yao, taratibu, namna alivyokuwa akisema na Rigo alipokuwa akimgeuza ubavu kule sakafuni. "Weka, kazi iishe."

Akaweka kishada kidogo. Kamera ikasubiri. Yule mama naye akasubiri, mikono ameikutanisha kifuani. Don Tello akachuma punje moja kwa vidole viwili, akaizungusha pale kikonyo kilipong'oka, kama anayeitafutia kasoro, akaitia mdomoni. Taa ya kamera ikawaka. Yule mama akapiga makofi madogo, akamshukuru, akaenda kumtafuta mkubwa wa chuo.

"Tello," alisema Doña Amparo nyuma yake.

Aliirudisha sahani yake mezani, na chakula chake chote juu, akageuka na fimbo yake akatoka kwenye foleni. Alikwenda kukaa meza ya mwisho kabisa, na wanafunzi. Wale wazee watatu waliobaki walipita mbele ya zabibu wakitazama viatu vyao.

Don Tello alipoitwa jukwaani karatasi za hotuba zilikuwa zinachungulia mfukoni mwa shati, kila mtu wa mtaani alikuwa anaziona. Hakuzitoa. Alisema ahsante. Alitaja majina ya waliofungwa naye, walio hai na waliokufa, polepole, na alipofika kwa Amparo alisimama kidogo akitazama ile meza ya mwisho. Kisha akasema chakula kitapoa, akashuka. Chabela, aliyekuwa ameihifadhi hotuba yote kichwani na kuwaahidi watu sita kwamba watalia, aligeuka huku na huku akiuliza, "Ndiyo imekwisha? Imekwisha kweli?"

Yesenia alisimama chini ya karatasi zile za rangi na orodha ya ratiba mkononi, anaikunja, anaikunjua.

Usafi ulimalizika saa moja na nusu usiku. Lorena alimfuata Maricruz kwenye sinki.

"Jumatatu njoo mapema kidogo, usaini."

"Ahsante."

"Usinishukuru." Akasukuma boksi kwa mguu. "Haya ni mabaki, wafanyakazi wanagawana. Chukua hili. Ukiliacha hapa nitaulizwa kwa nini zimetupwa."

Basi Maricruz akavuka uwanja wa maegesho akiwa amebeba zabibu kifuani, kilo tisa au kumi, miguu inawaka moto. Pikapu ilikuwa peke yake chini ya taa. Nyuma, Rigo alikuwa amelazwa juu ya magodoro mawili, Yesenia ameketi karibu na kichwa chake, na viti vya kukunja vya Chabela vimejaza nafasi iliyobaki. Don Tello alikuwa mbele, dirisha limeshushwa, kofia kwenye goti.

"Jumatatu nasaini," alisema Maricruz.

"Vizuri."

"Kuna hili boksi. Naliacha hapa chini, atakayelitaka atalichukua."

"Nyuma hakuna nafasi?"

"Hakuna."

"Lete."

Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. Maricruz akawasha gari. Walipita mbele ya maktaba. Korido ilikuwa bado na mwanga na picha ilionekana kwa mbali, kijana anayeelea kati ya polisi wawili. Walikwenda hadi kwenye reli, wakasimama kusubiri treni ya mizigo, na ilikuwa ndefu.

"Amparo hatanisemesha," alisema Don Tello.

"Nitakwenda kwake kesho nimweleze."

"Utamweleza nini? Kwake hazijawahi kuliwa hata mume wake alipokuwa hoi na daktari akimwambia ale matunda. Ana haki yake." Mabehewa yakaendelea kupita. "Mwache mwaka mmoja. Kama tutakuwepo."

Maricruz alishika usukani kwa nguvu ingawa gari lilikuwa limesimama. Kuna swali lilikuwa limemkaa kooni tangu mchana, akaona aibu kuliuliza, akaliuliza.

"Ilikuwaje, baba?"

Mzee aliweka viganja juu ya boksi.

"Tamu," alisema. "Hamsini na moja, miaka yote hiyo nilikuwa najiambia zitakuwa chungu. Zina dawa, zina damu, zitakuwa chungu tu. Ilikuwa tamu, mwanangu. Ndipo iliponiuma."

Treni ikaisha, kizuizi kikainuka. Maricruz alipotia gia alisikia kitu kikikwaruza, akageuka. Don Tello alikuwa amefungua boksi. Vidole vyake, vilivyopinda na visivyoweza tena kufunga kifungo cha shati, vilikuwa vinatembea ndani ya vile vishada bila kusaidiwa na macho: anainua kimoja kwa kikonyo, anakizungusha kwenye mwanga wa taa za barabarani, anang'oa kwa ukucha punje iliyopasuka, anaitupa nje, anakilaza upya kikonyo kikielekea juu. Kisha kingine.

"Aliyepakia hizi hajui kazi," alinung'unika. "Tazama, zimebanana. Enzi zetu ungerudishiwa boksi lako mbele ya watu."

Alifanya hivyo njia nzima. Walipoingia mtaani nyumba ilikuwa imewashwa taa zote. Chabela alishawahi kufika na watu wake sita, muziki umefunguliwa, na kwa dirishani mtu alikuwa anacheza na ufagio. Maricruz akazima gari. Rigo aliguna kule nyuma akitaka ashushwe.

Don Tello akalifunga boksi, akalikandamiza vizuri pembeni, kama linakwenda safari ya mbali. Hakufungua mlango.

"Maricruz."

"Naam, baba."

Alitazama zile taa, kisha pipa la taka lililosimama kando ya lango mahali lilipokuwa siku zote.

"Usimwambie Consuelo," alisema.